Kichwa Kimefika, Vidole Viko Njiani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makosa ya Kuchapa

Ninachapa kazi za watu kwenye steshenari ndogo jirani na mahakama: mikataba ya upangaji, barua za kuomba kazi, risala, mihtasari ya vikao vya ukoo. Maswali haya ni ya wateja wanaosimama nyuma ya kiti changu na kuniona ninavyokosea, na ya vijana niliowafundisha kuchapa. Nimeyaacha kwa mpangilio yalivyonijia.

Najua kuandika "kwamba" tangu darasa la pili. Mbona kila siku natoa "kwmaba"?

Herufi haziendi vidoleni kwa foleni. Kwa mtu aliyezoea kuchapa, neno hushuka zima kwa mkupuo, halafu kila kidole kinaanza safari ya kwenda kwenye kitufe chake kabla mwenzake hajamaliza. Tazama "kwamba" ilivyokaa kwenye kibodi. K ni ya mkono wa kulia. W na a ni za kushoto, tena za vidole viwili vizito kutumika, cha pete na kidogo. M ni ya kulia, b na a zinarudi kushoto. Wakati kushoto kunahangaika na "wa", kidole cha shahada cha kulia kimeshatua juu ya m na hakina kazi nyingine. Kikishuka mapema kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, m imeipita a. Tahajia unaijua vizuri. Kilichoharibika ni zamu.

Mwaka 1982 David Rumelhart na Donald Norman wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitengeneza programu ya kompyuta inayoiga mchapaji hodari, ambamo herufi za neno zinavuta vidole kwa wakati mmoja badala ya kusubiriana. Programu hiyo ilikosea kama tunavyokosea sisi: herufi zilipinduka hasa pale moja ilipokuwa ya mkono huu na nyingine ya mkono ule.

Kwa hiyo kuna maneno yanayopinduka zaidi kuliko mengine?

Yapo, na kwa Kiswahili ni yale madogo tunayoyatumia mno. "Na" inakuwa "an", "ya" inakuwa "ay", "la" inakuwa "al". Yote matatu yanaanzia mkono wa kulia na kumalizikia kwenye kidole kidogo cha kushoto. Sasa pekua kazi zako za zamani uone kama utakuta "za" imekuwa "az". Mimi kwangu sijaiona. Z na a ni za kidole kimoja, na kidole kimoja hakiwezi kujitangulia.

Bahati yetu ni kwamba neno la asili la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo "an" na "al" zinachoma macho papo hapo. Mwingereza akipindua "on" anapata "no", na sentensi inaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na "badda", "manna", "Shikammo"?

Haya ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu ukiyatazama vizuri unaona kichwa kinavyofanya kazi. Hesabu herufi za "Shikamoo": nane. Hesabu za "Shikammo": nane. Hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Kichwa kilituma herufi za neno, na pembeni yake kikatuma agizo kwamba mojawapo ipigwe mara mbili. Agizo likafika, lakini likadondokea kwa jirani. Ndiyo maana "baada" inakuwa "badda", "maana" inakuwa "manna" na "taarifa" inakuwa "tarrifa". Kama kuchapa kungekuwa mnyororo, kila herufi ikiivuta inayofuata, kosa la namna hii lisingewezekana. Mwanasaikolojia Mmarekani Karl Lashley alitumia makosa ya taipureta ya aina hii mwaka 1951 kutetea hoja hiyohiyo: kwamba mpango mzima huwa umeshaandaliwa kabla kidole cha kwanza hakijashuka.

Nilitaka "wanawake", nikakuta nimechapa "wananchi". Hayo nayo ni mambo ya vidole?

Vidole vyenye mazoea, ndiyo. Umeanza na "wana", na kutoka hapo kuna njia panda. Kama kazini kwako unaandika "wananchi" mara thelathini kwa siku, vidole vitakata kona hiyo bila kukuuliza, sawa na mtu aliyepanga kwenda kwa dada yake Jumapili akajikuta ameshuka kituo cha kazini. Mimi, kwa kuwa jirani yangu ni mahakama, "mwanamke" amenitoka mara kadhaa akiwa "mwanasheria". Na "kwa" yangu hurefuka ikawa "kwamba" hata pale nilipotaka "kwa heri".

Kwa nini wakati mwingine silabi nzima inapotea?

Kiswahili kinapenda kurudia silabi. "Napenda kukukumbusha" ina "ku" tatu mfululizo: ya kitenzi, ya wewe unayekumbushwa, na ya mwanzo wa "kumbusha". Kichwa kinakumbuka kwamba "ku" imeshapigwa, ila hakikumbuki ni ya ngapi, kinaruka. Unabaki na "Napenda kukumbusha", ambayo nayo ni sentensi safi, ila aliyekuwa akikumbushwa ameyeyuka. "Ananunua" inakuwa "anunua". Wanakili wa miswada ya kale waliotumia kalamu ya mwanzi walikuwa na maradhi hayahaya, na wahariri wa maandiko ya zamani huyatafuta kwa makusudi.

"HAbari". "DAr es Salaam".

Kidole kinachoshikilia shifti kimechelewa kuondoka. Programu nyingi za kuandikia hulirekebisha kosa hili zenyewe. Vivyo hivyo kwa "nyumbanik wangu": kidole gumba kimechelewa kupiga nafasi, k imepita mlangoni kwanza.

Kosa lipi hasa nilihofie?

Lile linalozaa neno halali. "Kwmaba" haimdanganyi mtu. Anayesoma anacheka na kuendelea. Balaa ni kosa lililovaa nguo safi.

Kiswahili kinaweza kubeba ukanushi wote kwenye herufi moja. "Hatakuja" bila h ni "atakuja". "Hana deni" bila h ni "ana deni". "Hili si kosa lako" ikimezwa "si" inakuwa "Hili kosa lako", na uliyekuwa ukimtetea umemhukumu. Hakuna mstari mwekundu utakaojitokeza chini ya maneno hayo, maana yote yamo kwenye kamusi.

Nilichapa mkataba wa upangaji ambao kipengele chake cha saba kilitakiwa kusema: "Mpangaji hataruhusiwa kupangisha chumba kwa mtu mwingine." Nikachapa "ataruhusiwa". Nakala mbili, saini za pande zote, muhuri wa serikali ya mtaa. Kesho yake asubuhi mama mwenye nyumba alifika kabla sijafungua mlango wote, mkataba umekunjwa mara nne ndani ya pochi. Akaukunjua juu ya mashine ya kudurufu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mwanangu, huyu ameruhusiwa na nani?"

"Samahani sana, mama. Ni kosa langu."

Tukampigia mpangaji. Akaja akicheka, kumbe yeye alikuwa ameshaliona tangu jana, akaamua kunyamaza aone kama kuna atakayeligundua. Nikachapa upya bila malipo, nao wakarudi serikali ya mtaa kupanga foleni ya muhuri mara ya pili.

Mbona ni h? H inapigwa na kidole cha shahada cha kulia, lakini kidole hicho makao yake ni juu ya j, hivyo inabidi kijivute kando. Kikigusa kwa wepesi, kitufe hakishuki. Tena wengi wetu h tunaimeza hata mdomoni, kwa hiyo ninaposoma kimoyomoyo sikio langu la ndani halishtuki. Siku hizi kabla sijachapisha mkataba natumia amri ya kutafuta: natafuta nafasi ikifuatiwa na "ata", kisha nafasi ikifuatiwa na "ana". Kila neno linaloibuka namuuliza mwenye mkataba: ndiyo au hapana? Wateja wengine huona namsumbua mtu bure. Mama yule hasemi hivyo.

Na yale ya kuaibisha?

"Mkwe" ikipoteza w ni "mke". Kadi ya harusi iliyoandikwa "namkaribisha mke wangu mpya" ikisomwa na baba mkwe haina maelezo yanayotosha. Majina ya ukoo na uhusiano hakikisha umeyasoma kwa sauti.

Vidole vyenyewe vinajua kwamba vimekosea?

Vinajua, na mara nyingine vinajua kuliko wewe. Gordon Logan na Matthew Crump wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walichapisha mwaka 2010, katika jarida la Science, jaribio lenye ujanja ndani yake. Wachapaji hodari walipewa maneno ya kuchapa, na kompyuta ikawa inawachezea: mara inawarekebishia kosa kimyakimya, mara inapachika kwenye skrini kosa ambalo hawakulifanya. Baadaye walipoulizwa, waliamini skrini. Kosa la kupachikwa walilikubali kuwa lao, na neno lililorekebishwa na kompyuta walijisifia kuwa wamelichapa sawasawa. Vidole havikudanganyika. Vilipunguza mwendo baada ya kosa la kweli tu, skrini ionyeshe nini au isionyeshe.

Kwa hiyo ule mshtuko mdogo unaousikia mkononi, ule wa "hapana, hapa kuna kitu", uheshimu. Simama, tazama herufi tano sita zilizopita. Nikiupuuza, mara nyingi kosa huwa lilikuwepo.

Upande wa pili wa jambo hili: mwulize mchapaji hodari herufi v iko wapi, atatazama dari. Jaribio jingine lililomshirikisha Logan, la mwaka 2014, lilikuta wachapaji wenye wastani wa maneno 72 kwa dakika wakiweza kupanga kwa usahihi herufi kama 15 tu kwenye picha ya kibodi tupu. Ujuzi uko vidoleni, kichwa kilishausahau. Ndiyo maana kumfundisha mtu kuchapa kwa maneno matupu ni kazi bure.

Basi nipunguze kasi?

Kila anayenishauri husema hivyo, na sikubaliani naye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, na wenzao wa Cambridge walikusanya mibonyezo milioni 136 ya watu 168,000, wakaitangaza mwaka 2018. Wastani ulikuwa maneno 52 kwa dakika, na wenye kasi kubwa ndio waliokosea mara chache zaidi. Wana tabia ya kubonyeza kitufe kinachofuata kabla hawajaachia kilichotangulia. Vidole vyao vinapishana kwa mpangilio, kama wapiga makasia wa chombo kimoja.

(Tahadhari kwa wanaojipima: "neno" katika vipimo hivi ni mibonyezo mitano, nafasi ikiwemo. "Atakayekukumbusha" peke yake ina herufi 17, yaani zaidi ya maneno matatu ya kipimo. Ukiona Mwingereza anakuzidi kwa idadi ya maneno, hesabu herufi kwanza.)

Ukipunguza kasi kote, unachelewa na bado unakosea, maana kichwa hakipunguzi kasi pamoja nawe. Punguza kwenye mambo matatu tu: majina ya watu, tarakimu, na ukanushi. Kwingine kimbia, utarudi.

Nimehamia nje na kibodi ya huku imenivuruga kabisa.

Inategemea umetoka wapi kwenda wapi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliojifunzia kwenye kibodi ya Kifaransa wakikaa kwenye ya Kiingereza hupata taabu ya pekee. Kwao a iko mahali pa q, z iko mahali pa w, na m imejificha mwisho wa mstari wa kati, kulia kwa l. Mtu anachapa "habari za asubuhi mwalimu", macho yako kwenye daftari, na kinachotokea ni "hqbqri wq qsubuhi ;zqli;u". Niliwahi kumpokea mteja mmoja aliyedhani kompyuta yangu ina virusi.

Ujerumani ni hatari zaidi kwa sababu haionekani. Huko y na z zimebadilishana viti. "Nyumba ya jirani" inakuwa "nzumba za jirani". "Nzumba" utaiona. "Za" utaiacha, nayo nyumba moja imekuwa nyingi. Barua ndefu iliyochapwa kwa kibodi hiyo husomeka kama ya mtu asiyejua ngeli.

Katika mipangilio ya kompyuta unaweza kuchagua mpangilio wa herufi uliouzoea, hata kama alama zilizochorwa juu ya vitufe hazilingani nao. Usitazame vitufe, basi.

Nisikie ushauri wa kubadili mpangilio wote, ule wa Dvorak?

Profesa Mmarekani August Dvorak aliupatia hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) Marekani mwaka 1936, akaziweka irabu zote tano chini ya vidole vya kushoto. Kwa lugha kama yetu, ambayo konsonanti na irabu hupokezana karibu kila herufi, ungedhani alituwazia sisi, mikono nayo ipokezane. Lakini k, ambayo hatuwezi kupumua bila yake, aliiacha hukohuko kushoto pamoja na irabu. Na ukishauzoea, siku utakapoazima kompyuta ya mtu utakuwa kama mgeni. Mimi nimebaki na wa kawaida, ule uliotokana na taipureta ya Christopher Sholes iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1874, pamoja na upuuzi wake wa kuwapa q na x viti ambavyo Kiswahili hakivikalii.

Kwenye simu ni mimi ninayekosea au ni simu?

Wote wawili, kwa zamu. Kidole gumba ni kipana kuliko kitufe, kwa hiyo makosa ya simu ni ya majirani: "nakuoenda" kwa sababu o imekaa ubavuni mwa p. Kisha simu inasaidia. Kama lugha ya kibodi ni Kiingereza, "sana" itageuzwa "Santa", "mimi" itakuwa "mini", na wewe umeshabonyeza kutuma. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili. Kibodi nyingi za simu janja zinacho. Hata hivyo usitegemee miujiza. Kitenzi chetu kimoja kina sura nyingi mno, na kamusi ya simu haiwezi kuwa nazo zote. Itapiga mstari mwekundu chini ya "tusingelimwambia" iliyo sahihi na kuiachia "atakuja" iliyo kosa.

Watafiti wa Aalto walipowapima watu 37,000 kwenye simu, mwaka 2019, wastani ulikuwa maneno 36 kwa dakika. Walioiacha simu iwarekebishie makosa yenyewe walikuwa na kasi kuliko wengine. Waliochagua maneno yanayopendekezwa juu ya kibodi hawakupata faida hiyo. Kusoma mapendekezo nako kunakula muda.

Tarakimu ninazipindua kuliko herufi. Kuna ujanja?

Upo mmoja ambao wahasibu wanaujua tangu zama za vitabu vikubwa vya hesabu. Jumla mbili zikigoma kulingana, chukua tofauti yake uigawe kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimepinduka mahali. Umeandika 3,270 badala ya 3,720? Tofauti ni 450, ambayo ni 9 mara 50. Umeandika 45,000 badala ya 54,000? Tofauti ni 9,000. Fanya majaribio kwa namba yoyote, haikosi.

Namba za kadi za benki zina mlinzi wake ndani. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1960. Ukikosea tarakimu moja, kanuni inagoma. Ukipindua mbili zilizokaa pamoja inagoma pia, isipokuwa 09 ikiwa 90 au kinyume chake, hapo inapitwa.

Namba ya simu haina mlinzi wa hivyo. Ukipindua 0712 ikawa 0721, inaweza kuwa namba ya mtu mwingine kamili, mwenye simu yake mkononi na shida zake. Unapotuma pesa, lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri ndiyo kinga uliyonayo. Lisome jina lote. Kuona tu kwamba "kuna jina" hakutoshi.

Nitajuaje kama ni kosa la kidole au sijui kuandika?

Chukua kalamu, liandike neno hilo polepole. Kama kalamu nayo imeandika "zambi" badala ya "dhambi", au "kula" pale ulipotaka "kura", vidole havina hatia. Ni lafudhi imeingia kwenye maandishi, na dawa yake ni kamusi. Kalamu ikiandika sawa, ni vidole.

Nasoma mara tatu na bado nalikosa kosa. Kisha mwingine anaingia na kuliona palepale.

Kwa sababu yeye anasoma kilichoandikwa, wewe unasoma ulichokusudia. Cha kufanya ni kujigeuza mgeni wa kazi yako. Badili aina ya herufi na ukubwa wake, mistari ivunjike mahali papya. Au chapisha kwenye karatasi. Kwa kazi kubwa, ilaze hadi kesho. Na soma kwa sauti: Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mdomo utajikwaa palipo na kosa, faida ambayo Mwingereza hana.

Kwa mikataba na hati, kuna kusomeana. Mmoja anashika rasimu ya mteja na kuisoma kwa sauti, pamoja na mikato na nukta, mwingine anafuata kwa kidole kwenye nakala iliyochapwa. Inachosha, na huwezi kumfanyia mteja wa ukurasa mmoja wa shilingi chache. Lakini sijapata njia inayoishinda.

Enzi za taipureta mlifanyaje?

Tulikosea mara chache zaidi, kwa woga. Kosa moja kwenye karatasi yenye nakala tatu za kaboni lilimaanisha kufuta mara nne. Waliosomea uhazili, yaani kazi ya ukatibu, wanajua. Hadi leo matangazo ya kazi ya makatibu mahsusi yanataja hatimkato (maandishi ya alama fupi ya kunasa maneno yanaposemwa) ya maneno 100 kwa dakika. Halafu kulikuwa na tipeksi. Wino mweupe wa kuziba makosa ulianza na mchapaji wa Texas, Bette Nesmith Graham, aliyechoshwa na makosa yake mwenyewe, akachanganya rangi nyeupe jikoni kwake miaka ya 1950 na kwenda nayo ofisini kwenye kichupa. Mwaka 1979 aliiuza kampuni yake kwa dola milioni 47.5. Nikikosea sana siku moja, huwa namkumbuka mama huyu.

Kuna namna ya kuyakomesha kabisa?

Hapana, ila yanaweza kufugwa. Makosa yako si mengi kama unavyodhani. Ni yaleyale machache yanayojirudia. Fred Damerau wa IBM alionyesha mwaka 1964 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalikuwa ya namna nne tu: herufi moja imezidi, imepungua, imebadilishwa, au mbili jirani zimepinduka. Kwa wiki moja, kila unapofuta neno, liandike pembeni lilivyotoka. Yangu yalijaza nusu ukurasa: kwmaba, an, ay, badda, Mhehsimiwa, manna.

Kisha yaingize kwenye orodha ya marekebisho ya programu yako: likitokea "kwmaba", weka "kwamba". Usiingize neno ambalo lina maana yake. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwangu aliamuru "mke" igeuzwe "mkwe", kwa nia njema kabisa. Wiki nzima kila mwanamume aliyeleta barua aliondoka akiwa na mkwe na watoto watatu.

Je, ni ugonjwa?

Kwa kawaida si ugonjwa. Lakini mtu aliyekuwa akichapa vizuri akianza ghafla kutoa maneno yasiyoeleweka, mkono mmoja ukawa mzito, uso ukapinda upande au ulimi ukawa mzito, hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi. Hospitali, saa hiyohiyo.

Nimeshatuma. Nifanyeje?

Kama kosa limegeuza maana, tuma sentensi nzima upya, usitume neno moja lenye nyota. Anayepokea "*hatakuja" peke yake saa moja baadaye hajui umerekebisha mstari upi, na huenda ameshaondoka nyumbani kwenda kumsubiri fundi. Kama ni tarakimu, piga simu.

Kama ni "an" au "badda", acha. Na mzee uliyemwandikia "Shikammo" ameshajibu "Marahaba" zamani.